Udongo wa Jinja Chini ya Bomba la Mbale

Mume wangu mpendwa, uliyeko Teso,

Hapa Mafubira, Jinja, mvua imenyesha asubuhi yote. Nimevaa shati lako na nacheka peke yangu kama mwehu, maana nimekumbuka fungate yetu.

Hina yangu ilikuwa haijaanza hata kufifia ulipoitwa Mbale. Mkuu wa mradi alitaka kuijaribu antena yako ya bomba kabla ya kukupa kazi ya Teso, ambako watu walikuwa wanarudi kutoka kambini baada ya vita, na zahanati hazina njia ya kuita gari la wagonjwa. Ikishindwa, kazi angepewa mwingine. Haboba, bibi yangu, alikuzibia mlango.

"Bwana harusi gani wewe? Unaacha mke, unakwenda kukumbatia bomba!"

"Haboba, si bi harusi hatoki nje? Basi nimepata msikilizaji asiyetoroka."

Ukanifungia redio chumbani, ukanifundisha kusoma sindano inayopima nguvu ya sauti. Bomba nililijua tayari. Siku zile za posa ulinichorea kwenye kompyuta, barazani kwetu, nguvu zake zikivimba pande zote kama andazi. Programu iliapa kwamba bomba lako lililosimama wima litaishinda antena ya kawaida ya waya. Niliyaamini yote, mpenzi wangu. Ningekuamini hata ungeniambia linapika pilau.

Alhamisi mchana redio ikakoroma. "Jinja, Jinja, hapa Mbale. Sasa waya. Sindano?"

"Saba."

"Sasa bomba."

Nikakodoa macho. "Sita."

"Rudia."

"Sita, habibi."

Nyuma yako nikamsikia mkuu: "Bwana, kompyuta yako inaota." Wanja ukanitiririka mashavuni. Haboba akaguna, "Mwambie arudi nyumbani. Bomba limemkataa."

Nikashika mapambo ya shingoni nikiomba Mungu. Halafu ukaangua kicheko!

"Mke wangu, unajua nilikuwa wapi nilipoijazia kompyuta habari za udongo?"

"Wapi?"

"Barazani kwenu, nakutazama ukimimina chai! Nimeipa udongo wa Jinja, ule mbichi wa karibu na ziwa. Hapa bomba limesimama juu ya mawe makavu!"

Ulilisema hilo hewani, mbele ya mkuu na mafundi wote. Haboba alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

Ulikuwa umenieleza kwamba ardhi ni nusu ya antena hiyo. Ikiwa kavu, inaimeza nguvu. Basi ukaipa programu udongo wa Mbale, ukaniambia andazi limenywea palepale, likawa dogo sawasawa na sindano yangu ilivyosema. Kompyuta na chumba changu vikakubaliana! Vijana wa Namatala, hapo Mbale, wakafukia nyaya za shaba kuzunguka bomba, kama spoku za baiskeli, ili ardhi isiimeze tena nguvu. Safari hii ulinitabiria mapema: "Tukiwa sahihi, utaona nane."

Sindano ikapanda. Saba. Ikapita. Nane!

Haboba akanipokonya kipaza sauti, akapiga vigelegele mpaka Mbale wakazima spika. Kisha sauti ya mkuu ikaja, ya upole kabisa: "Bwana, Teso ni yako."

Sasa nyumba ina upweke, sikatai. Mto wako naulalia mimi. Lakini jana redio ilikoroma, nikamsikia muuguzi wa kijiji cha Teso ambacho mwaka jana kilikuwa magofu na nyasi. Aliita gari kwa mama aliyezidiwa na uchungu wa uzazi, na Mbale ikamjibu mara moja. Leo ametangaza: mtoto wa kike, wote wazima. Nilipiga vigelegele peke yangu, sikuona haya.

Nenda ukasimamishe mabomba yako, kipenzi. Kila mahali, ipe kompyuta udongo wa hapohapo. Wa Jinja niachie mimi.

Mkeo,
msikilizaji wako asiyetoroka