Lango la Mikono Miwili

Tarehe 4 Februari

Mwanangu Cheche,

Nakusalimu, halafu nakusalimu tena kwa niaba ya watoto wote wa hapa uani. Hujambo huko? Bado unayafunika macho unapochomelea vyuma, au umeshaanza ujuaji? Mimi ni mzima. Simu yako niliisikia ikiongea lakini maneno hayakuingia sikioni, kwa hiyo tuendelee na barua. Barua haikatiki katikati.

Watoto wangu wa mchana wameongezeka. Mama zao wakishavuka barabara kuingia kiwanda cha nguo, mimi nabaki na kijiji kizima. Tunaimba, tunahesabu vifuniko, tunagombania beseni la maji. Wanaosema mtoto akililia wembe mpe, hao hawajawahi kulea watoto wa watu.

Sasa nikwambie lililonipata. Yupo mmoja tunamwita Injini, kwa sababu hatembei, ananguruma. Wiki iliyopita alifungua ule waya niliofungia lango la bati na kutoka mbio. Wewe unaijua barabara ile, malori ya ghala hayasimami. Fundi viatu wa pale nje alimdaka shati, na lori likapita. Nilikaa chini palepale mchangani.

Habari zikamfikia dada wa ustawi wa jamii. Nilimwogopa, lakini ana akili yule binti. Alivua viatu akapiga magoti, akatambaa uani kote ili aone wanachokiona watoto. Aliona msumari nisiouona mimi. Akasema vifuniko vya chupa niviondoe, vinamezeka. Halafu akasimama langoni akasema, "Mama, hapa pazuri, lakini bila lango la maana nitapafunga mwisho wa Juni." Amesema kweli, siwezi kumlaumu.

Nikifunga, hawa watoto watarudi kukaa chini ya meza za kushonea, kati ya mikasi na nyaya za umeme. Ulikulia chini ya meza hizo nilipokuwa nashona, unajua. Nitengenezee lango, mwanangu.

Mimi mama yako

---

Tarehe 19 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimeshtuka mpaka nikazima mashine. Ahsante Mungu kwa fundi viatu, mpe salamu zangu na umwambie viatu vyangu vyote vitakavyochanika ni vyake.

Lango nimeshalianza. Msimamizi ameniruhusu kutumia mabaki ya vyuma baada ya kazi. Linatosha mkokoteni wa maji kupita. Nondo zote nimezisimamisha, hakuna hata moja ya kulala, kwa sababu ya kulala ni ngazi. Nafasi kati ya nondo na nondo haipitishi kichwa cha mtoto, nimeijaribu kwa mpira. Kila ncha nimeipiga tupa mpaka inalala mkononi kama sabuni.

Komeo nilifikiria sana. Unakumbuka ile rafu uliyofichia sukari? Ilikuwa usawa wa macho yako, na mimi nilikuwa naruka kama chura bila kuifikia. Basi komeo nimeliweka usawa huohuo. Sikuhitaji kukuuliza vipimo. Siku naondoka tuliagana mlangoni tukitazamana macho kwa macho, hakuna aliyeinua shingo. Kwa hiyo nimejipima mimi mwenyewe.

Najua utauliza. Likizo bado, mama. Meli moja ikitoka nyingine inaingia kutengenezwa. Mwakani, inshallah.

Mwanao

---

Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya zamani pia. Dereva wa lori amelileta lango akiwa amelifunga mablanketi kama mgonjwa. Majirani walitoka kulitazama. Fundi wa mtaani alipolichomelea kwenye nguzo alikuwa anapapasa viungo vyako na kutikisa kichwa, akaniuliza, "Huyu ni kijana wako?" Nikamwambia ni binti yangu. Akapapasa tena.

Watoto wamelishika kila mmoja, na hakuna aliyechubuka. Sasa wanakaa wamebana nyuso kwenye nondo wanahesabu malori yakipita, na mimi nakunywa chai yangu ikiwa moto. Tangu lini nimekunywa chai moto mchana?

Nalifungua bila shida yoyote. Komeo liko sawasawa kabisa. Kigoda cha lango nimekipaka rangi ya bluu, kinapendeza.

"Mwakani" yako naijua, tulishazoeana. Nisalimie meli.

Mama yako

---

Tarehe 30 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimewasomea wenzangu wakati wa chakula, pale fundi alipopapasa mara mbili wakaomba niparudie.

Ila kuna neno limeniganda. Kigoda cha lango ni kigoda gani? Mimi sikutengeneza kigoda.

Mwanao

---

Tarehe 28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mwezi mzima hujaandika. Wewe uliyeniandikia kurasa tatu juu ya kuku wa jirani leo huna la kusema? Kama unaumwa niambie. Kama umekasirika niambie pia. Kunyamaza ndiko nisikokuzoea.

Mwanao anayesubiri

---

Tarehe 6 Mei

Mwanangu Cheche,

Marahaba. Siumwi na sijakasirika. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na kila nilipoanza nilichana karatasi.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na Injini.

Kigoda cha lango ndicho ninachopanda mimi ili nilifikie komeo. Asubuhi mama zao wakifika napanda, jioni wakija kuwachukua napanda tena. Juzi nilimfungulia muuza maziwa, nikafunga, mara mtoto mmoja akaita pua yake inatoka damu. Nikakimbia na kukiacha kigoda pale. Injini akapanda, akasimama kwa ncha za vidole, akavuta. Lango likafunguka vizuri, maana umelitengeneza vizuri. Safari hii alikumbana na sketi ya dada wa ustawi wa jamii, aliyekuwa anakuja kulikagua.

Hakupiga kelele. Alimbeba, akafunga lango, akakitazama kigoda, akanitazama mimi. Akasema, "Lango ni zuri sana, mama. Lakini kufuli lenye ngazi yake si kufuli." Siku aliyotoa ni ileile, mwisho wa Juni.

Mwanangu, nimekuwa mfupi. Mgongo ulianza kupinda mwaka wa pili baada ya wewe kuondoka, ni meza za kushonea zile zinadai chao. Bega nalo halipandi tena juu. Sukari siku hizi iko mezani. Komeo hukukosea, umeliweka mahali nilipokuwa.

Sikukwambia kwa sababu najua ungesema, "Mama pumzika." Sitaki kupumzika. Niliogopa wewe ndiye utakayepafunga hapa uani kabla ya serikali. Basi sasa unajua. Kama ni kusema, sema.

Mama yako

---

Tarehe 14 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimekasirika, tuanzie hapo. Umepanda kigoda asubuhi na jioni na mgongo huo, ukaniandikia "bila shida yoyote"! Je, ungeanguka? Ningekuwa nimekutengenezea mtego kwa mikono yangu. Na mimi nimejikasirikia zaidi, fundi gani anapima lango kwa kumbukumbu? Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemnyang'anya tochi ya kuchomelea.

Hayo yameisha. Sitakwambia upumzike. Nililala chini ya meza zile nikiwa na umri wa Injini, na kovu la pasi ninalo mpaka leo. Uani hapafungwi.

Nimefikiria hivi. Kimo hakitusaidii tena, kwa sababu popote utakapofika wewe, mtoto na kigoda chake atafika. Lakini mama, mgongo unapinda, mikono haipungui. Nitaweka vishikio viwili, kimoja ukingo wa kushoto wa lango na kingine ukingo wa kulia, usawa wa kifua chako cha leo. Kila kimoja kina springi ngumu, ukikiachia kinarudi. Lango halifunguki mpaka vyote viwili vivutwe kwa pamoja. Mwenye mikono mirefu anatandaza na kuvuta. Mwenye mikono mifupi akishika kimoja, cha pili anakiona kwa mbali.

Wewe ni fundi cherehani, fanya kama ulivyokuwa ukiwapima wateja. Chukua uzi, tandaza mikono, mtu aukate kutoka kiganja mpaka kiganja. Mpime na Injini kwa uzi wa rangi nyingine. Nitumie nyuzi mbili ndani ya bahasha. Safari hii sipimi kwa kumbukumbu.

Mwanao, hasira zimepungua

---

Tarehe 21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nikiwa nimekaa, ya tatu nilikuwa nacheka. Kumbe hukusema pumzika.

Uzi mweupe ni mikono yangu. Fundi viatu ndiye aliyeukata, akasema bado nina mabawa. Uzi mwekundu ni Injini. Kumtandaza yule kulitaka watu wawili na biskuti.

Uzi wa bluu hukuuomba. Ni kimo changu, kutoka unyayo mpaka utosini. Nimeutia ili tusiandikiane tena uongo, na pia ili siku ukija usinitafute juu.

Mama yako

---

Tarehe 2 Juni

Mama,

Shikamoo. Vishikio vimeondoka leo na dereva yuleyule. Fundi wa mtaani afuate alama za chaki: cheupe kwa mkono wa kushoto, chekundu kwa wa kulia. Komeo la zamani alikate na kulipiga tupa, lisibaki jino.

Uzi wa bluu niliukanyaga kwa kidole gumba cha mguu nikauvuta juu. Uliishia begani kwangu. Nikadhani umekatika posta. Nikaitazama ncha, imekatwa kwa mkasi wako, safi kabisa. Nimelia, mama. Wenzangu walidhani ni moshi, nami sikuwakatalia.

Bado ninao mfukoni. Niombee vishikio vifanye kazi.

Mwanao

---

Tarehe 20 Juni

Mwanangu Cheche,

Marahaba, mwanangu, marahaba sana. Kaa chini usome.

Vimefungwa, na dada wa ustawi wa jamii amekuja. Aliomba kigoda, akakiweka mwenyewe langoni, akamwita Injini. "Haya, toka." Injini akapanda akavuta cha kushoto, kimya. Akashuka, akasogeza kigoda, akavuta cha kulia, kimya. Mwisho akajibandika katikati na mikono yote, kama shati lililoanikwa, akanguruma kwa hasira. Lango halikutikisika. Dada akajaribu mwenyewe, likafunguka mara moja.

Halafu akaniuliza, kwa sababu huyu hachoki kuuliza, "Na wakishirikiana wawili?" Nikamwambia, "Mwanangu, springi ile hata mimi naivuta kwa kusaga meno. Na siku watoto wawili wa umri huu watakapokubaliana jambo moja kwa wakati mmoja, nitawaachia nchi." Alicheka mpaka akashika nondo. Hata hivyo ameniagiza mtu mzima mmoja akae karibu na lango muda wote, na mama wa Injini amepanga zamu na wenzake. Nimekubali. Mgongo wangu umekubali kabla yangu.

Cheti kimebandikwa ukutani. Uani hapatafungwa. Watoto wanakimbia mpaka langoni na kurudi, kwa sababu wanajua lango lipo, na mimi siwaiti tena kila dakika. Nilikuwa sijui kwamba woga wangu ulikuwa unawachosha na wao.

Jambo moja tu hukulifikiria, fundi. Asubuhi kila mama anayefika ananikuta nimetandaza mikono nyuma ya nondo kama namsubiri yeye tu. Mmoja alicheka akasema, "Bibi, unanipokea kama mwanao aliyetoka safari!" Nikamwambia, "Hapana, huyo bado hajafika."

Mama yako

---

Tarehe 1 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimemwonyesha msimamizi uzi wa bluu, nikamweleza ni nini. Amesaini likizo palepale. Meli itasubiri.

Nafika Jumamosi asubuhi, wakati mama zao wanapoingia. Nitapanga foleni nyuma yao. Usijibu barua hii, na usinipandie kigoda chochote. Nitainama mimi.

Tandaza mikono tu.

Mwanao