Mzee Anayenipa Mgongo Kwenye Paking

Mpendwa mshauri Mama Sekela, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa mume wangu anamalizia kulipia nyumba na mimi bado sijamwambia ninachokiona, nikimwambia naona nitamvunjia heshima marehemu, nisipomwambia ndiyo tumeshakuwa wa hapo moja kwa moja.

Tuko Tukuyu, kwenye nyumba mpya zilizojengwa mteremkoni upande wa kwenda Kyimo, palipokuwa na migomba zamani, na dalali alituruhusu tupange tangu mvua zilipoanza ili tuionje nyumba kabla ya kununua. Nyumba yenyewe nzuri, maji yapo, jiko lina nafasi, shida ni moja tu, paking. Kila nyumba ina nafasi ya gari moja, barabara nyembamba, ukiacha gari nje jirani anapiga honi mpaka mtoto anaamka, na sisi tuna magari mawili, IST yangu ya kwendea kazini na kirikuu ya mume wangu Asukile ya kubebea maparachichi, hiyo inalala kwa watu kule lami. Nafasi yetu iko ubavuni mwa nyumba, nyuma yake ni korongo, na Asukile anasema tukishanunua atamwaga kifusi ukingoni apate nafasi ya gari la pili, fundi ameshakuja kupima.

Sasa mama, ukungu wa kwetu unaujua, jioni unawasha taa za gari na bado geti hulioni. Siku ya kwanza narudi kinyumenyume niingie nikaona kwenye kioo mzee amesimama nyuma ya gari, chini ya mpera ulioko ukingoni, koti la mvua la kijani, mabuti, amenipa mgongo, ila mkono ameuweka nyuma kiunoni ananiita kwa vidole, njoo, njoo, kisha akafungua kiganja, simama. Nikasimama. Nikajua ni mlinzi, nikasema "ndaga, tata", namshukuru kwa lugha ya nyumbani, ila niliposhuka sikumkuta.

Tangu hapo ukungu ukishuka yupo, na asubuhi nakuta jiwe limewekwa nyuma ya gurudumu, nikadhani ni Asukile, kumbe yeye alidhani ni mimi. Nikauliza majirani, wakasema mtaa huu haujawahi kuwa na mlinzi. Na kinachonitisha zaidi ni kwamba anasogea, mwanzo alikuwa chini ya mpera, mpera ambao siku hizi umeinama kama unachungulia korongoni, baadaye akasimama kwenye mfereji, na wiki hii yuko sawa na ukuta wa chumba cha mwanetu Debora, hivyo gari linaingia nusu, pua inabaki barabarani na majirani wananinunia. Chumba hichohicho mlango wake umeanza kukwama, fundi anasema mbao zimevimba kwa mvua. Juzi Debora akaniambia, "Mama, yule babu wa nje amenikonyeza." Nikamuuliza, umemwona uso? Akasema ndiyo, anacheka, ana mwanya.

Nikaenda Ikuti kwa Shangazi Ikupa, dada wa marehemu baba mkwe wangu, nikampa kama habari za mlinzi tu. Shangazi akaacha kumenya ndizi.

"Mtoto anamchekea, wewe anakupa mgongo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa ulitaka akutazame? Wewe si mkamwana wake?"

Mama, nilikaa chini. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawatazamani usoni, ukimkuta njiani unapisha, hata jina lake hulitaji, na mimi huyu sikuwahi kumwona, alifariki kabla sijaolewa. Shangazi akasema alikuwa utingo wa lori la chai, kazi yake kulielekeza likirudi nyuma na kuliwekea jiwe kwenye gurudumu. Mwanya anao, akasema, hata Asukile kaurithi.

Naogopa, mama. Kwa nini anaisogelea nyumba? Anamtaka mwanangu? Nimwite mchungaji? Nikianza tu kusema, Asukile ananikata, "Mama Debora, nyumba kama hii tukiiacha leo kesho ina mwenyewe, paking ni jambo dogo." Nifanyeje?

Ni mimi mkamwana, Tukuyu.

MAMA SEKELA ANAJIBU

Marahaba, mkamwana, na pole sana. Barua yako niliisoma nimekaa, nikairudia nimesimama.

Kwanza nikugombeze, maana umejitakia. Watu wazima wawili, magari mawili, nafasi moja, halafu mnaambiana paking ni jambo dogo! Nyumba hainunuliwi kwa kuangalia jiko. Unaenda jioni watu wamesharudi makazini, unatazama magari yanalala wapi, mgeni ataweka wapi lake, gari la wagonjwa litapitaje, na ukipata msiba waombolezaji watasimama wapi. Hamkupaswa kuanza kulipa bila kuyajua hayo. Na huyo fundi anayesema kifusi cha kumwaga ukingoni mwa korongo, kwa mvua za Rungwe, kitabeba kirikuu ya maparachichi, huyo anataka kuuza kifusi.

Wewe nawe unamficha mumeo jambo linalosimama nje ya chumba cha mwanao, eti heshima. Heshima ni kutolitaja jina la mzee na kutomkodolea macho, hayo umeyatimiza. Kusema kwamba umemwona si kumtusi.

Mimi si mganga, na kwa mganga sikutumi. Mchungaji mwite, maombi hayana hasara, ila ombeni mkiwa mmeshatoka kwenye nyumba hiyo.

Hamtaki mtoto. Babu na mjukuu ni watani, amemkonyeza kama babu yeyote angemkonyeza, na mimi hapo sioni ubaya. Kilichonisimamisha ni kingine. Unasema anaisogelea nyumba. Binti yangu, huyo ni utingo. Utingo hasimami popote anapojisikia, anasimama pale ardhi inapoishia ili dereva asipite. Alisimama chini ya mpera, leo mpera umeinama. Akasimama kwenye mfereji, na huo mfereji hukuniambia una hali gani sasa, nenda ukautazame mchana, lakini kwa mbali. Leo yuko kwenye ukuta, na mlango wa ndani umeanza kukwama. Mzee hajasogea hata kidogo. Kinachosogea ni korongo.

Kwa hiyo usingoje Ijumaa. Leo hii Debora asilale chumba kile, na nyinyi msilale nyumba ile, nendeni Ikuti kwa Shangazi Ikupa, ndizi zipo. Mwambie Asukile kila kitu mbele ya shangazi, wewe jina hulitaji lakini yeye ni dada wa marehemu, atalitaja. Asilipe. Nendeni halmashauri mkaombe mtu wa ardhi aje auone ukingo huo, na akisema hakuna shida, mwambieni alaze gari lake hapo. Majirani wote wa ubavu huo waambieni, hata wanaokununia, maana korongo halichagui aliyepiga honi. Nyumba mtapata nyingine. Iwe mbaya kidogo, jiko liwe dogo, lakini iwe na uwanja tambarare ambao magari yenu mawili yanageuka bila kuelekezwa na mtu.

Gari litoe kwa mbele, taratibu, na ukiwa peke yako ndani. Mshukuru mzee kama ulivyomshukuru siku ya kwanza, kisha uende. Usirudi kufuata nguo wala vyombo. Ila kama katika kutoka utaangalia kioo ukamwona amekugeukia, anakutazama usoni, hapo usimwonee haya wala usishangae, kanyaga mafuta. Baba mkwe hamtazami mkamwana wake mpaka akose kabisa pa kusimama.