Kikombe cha Upande wa Kushoto

Kwaa! Ndivyo nilivyoamka leo, Mama. Ukitoka zamu usivue viatu, huenda vipande vya kikombe vimebaki chini ya meza. Chai iko kwenye chupa.

Baba kakipiga kumbo, anasema nilikiweka vibaya jana usiku. ~~Sawa, ni mimi.~~ Si mimi! Kilikuwa kushoto kwake, palepale pa kila siku. Juzi alijigonga mlangoni. Nilipomuuliza kuhusu macho, alichukua sindano akatunga uzi papo hapo. "Kipofu anatunga hivi, mshairi?" Fundi cherehani, kanishona mdomo!

Lakini ndani ya kopo lake la vifungo nimekuta dawa ya matone ya glakoma, ile presha ya jicho. Haijafunguliwa! Ugonjwa wenyewe huanza kula uoni wa pembeni bila maumivu. Katikati unaona sawa. Ndiyo maana uzi anauona, kikombe hakioni. Babu alipofuka hivyohivyo. Baba anajua, anatuficha. Au nawe unajua, Mama?

Alichopoteza hakirudi, kilichobaki kinaweza kuokolewa. Na ugonjwa huu hufuata damu, hata mimi nimo. Kwa hiyo nimemwambia mlangoni, majirani wakisikia: "Baba, kesho tunakwenda kliniki wote wawili, na nitatangulia mimi kupimwa."

Kitinda mimba wako