Maji ya Chini Niliyokuficha

Mdogo wangu Saada,

Simu zangu hupokei, na ningekuwa wewe nami nisingepokea. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Mwandiko wangu unaujua, wa mtu aliyeishia darasa la saba, usinicheke. Nakala moja nimeibandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji hapa Mbuchi, nyingine nimeisafirisha kutoka Kibiti kwenda kwa mwalimu wako chuoni. Lawama uliibeba mbele za watu, na mimi nataka kukutua mzigo huo mbele ya watu hao hao.

Unaukumbuka ule msimu mama alipoanza kunifundisha kuonja maji kama chumvi imepungua? Ulikuwa umesimama ukingoni mwa kijito chetu, soksi nyeupe, begi mgongoni, unamsubiri anko akuvushe uende shule. Mama alikuwa na chupa. Aliuziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba, akazamisha mkono mpaka begani, akaachia kidole chupa ikiwa imegusa matope ya chini, akaziba tena, akaitoa. Alionja, akatema, akasema, "Bado." Siku ile hakuna aliyepanda mpunga hata mche mmoja.

Ukalia. "Na mimi nionje!"

"Wewe kaonje vitabu," mama akakwambia.

Nilicheka sana. Moyoni nilikuwa nakitazama kiatu chako. Mimi na wewe tulizaliwa na mama mmoja, lakini alipopiga hesabu zake aliona mmoja asome na mmoja ashike shamba, na mimi ndiye niliyekuwa na mikono mirefu. Sikumlaumu. Nilikulaumu wewe, uliyekuwa hujui hata kufunga kamba za hivyo viatu, mpaka nikufunge mimi.

Basi nikajiambia, hiki cha kuonja ni changu. Na kweli kilikuwa changu. Mama alipofariki, wanawake wa hapa wakawa wananiita mimi kila msimu. "Dada Hadija, njoo utuonjee." Naacha chungu jikoni, naenda. Nikisema bado, mtaa mzima unangoja. Nikisema pandeni, unaona migongo imeinama kuanzia kwetu mpaka kwa Bi Tatu. Saada, sijawahi kuwa na cheti, lakini siku zile nilitembea kama mwenye nacho.

Halafu ukaja na huo utafiti wako. Ulinieleza mwenyewe, tumekaa juu ya dungu shambani tunaamia ndege wasile mpunga, jinsi mwalimu wenu wa ujasiriamali alivyowaambia kwamba utafiti usiishie kabatini, ugeuzeni uwe kazi itakayowalisha na kuwasaidia watu mlikotoka. Mkaungana wanafunzi watano, mkaanzisha kampuni: mnapima chumvi ya maji kwa kile kipimo kinachofanana na kalamu, kisha mnawatumia wakulima ujumbe kwenye simu, leo panda, leo usipande. Uliongea huku macho yanakung'aa. Mimi niliendelea kurusha mabonge ya udongo kwa ndege waliokuwa wameshaondoka.

Mkashinda lile shindano la chuo. Mtoto wa Bi Tatu akanionyesha video yako, umevaa fulana ya kampuni, kipaza sauti mkononi. Ukasema, "Haya nimeyarithi kwa mama yangu." Watu wakapiga makofi. Niliirudia ile video mara nne, nikitafuta mahali utakaposema dada. Hukusema. Nikamrudishia mtoto simu yake, nikaenda kutwanga mpunga ambao haukuwa na haja ya kutwangwa siku ile.

Kijicho, Saada. Sitakitafutia jina zuri. Nilikuonea kijicho cha soksi, cha viatu, cha kusema "data" na watu wakanyamaza kukusikiliza. Lakini kilichonikereketa zaidi ni kwamba ulikuwa na kila kitu, mimi nina ulimi tu, na sasa ulimi nao umeutengenezea mashine.

Mlipokuja msimu huu, mvua zilikuwa zimechelewa, na mto ulikuwa haujaleta maji mengi kutoka bara. Mlipima asubuhi tatu mfululizo. Zilikuwa siku za maji mafu, bahari imetulia, haisukumi. Nilikaa kwenye mzizi wa mkoko nikawatazama mnavyochovya kalamu yenu juu juu. Hakuna kati yenu aliyelowa hata kiwiko. Na mimi najua, kama mama alivyojua, kwamba katika vijito vyetu maji matamu hulala juu na ya chumvi hulala chini, na bamvua likija, bahari ikajaa kupita kawaida, yale ya chini ndiyo yanayonyanyuliwa yakaingia shambani. Bamvua lilikuwa limebakiza siku tano. Jana yake nilikuwa nimezamisha chupa yangu, peke yangu. Kwa chumvi yake, yale maji yangeunga mchuzi.

Ukanijia, kipimo mkononi. "Dada, tupande?"

"Si kipimo chenu kimesema?"

"Kimesema tayari. Lakini nakuuliza wewe."

"Mimi sikusoma, Saada. Wasomi ndio nyie."

Ukatabasamu, ukadhani natania na kwamba nimekubali. Ukapandikiza shamba la mama kwa mikono yako mwenyewe. Bi Tatu na nyumba mbili nyingine wakapata ujumbe wenu, nao wakapanda. Bi Tatu alipita kwanza kwangu akaniomba niwaonjee, nikamjibu kwamba kazi hiyo sasa ina wenyewe. Hapo hapo, nyuma ya dungu, palipoinuka, nilikuwa nimeficha kitalu changu cha miche ambayo sikukusudia kuipanda mpaka bamvua lipite. Nililiacha shamba la mama yetu liungue ili nikuone umekosea. Andiko hili lina mambo mengi ya kunitia aibu, lakini hili ndilo lenyewe.

Baada ya bamvua miche ikawa myekundu, kisha ikalala. Kwenye mkutano wa kijiji ulisimama mbele ya watu, hukumtupia lawama mwenzako wala mashine. "Kosa ni langu. Nimekua mbali, sikuyaelewa maji ya kwetu." Bi Tatu alikuwa analia. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nilingoja nione raha niliyoingoja miaka yote, haikuja. Mkapakia vitu vyenu, na nikasikia kuwa chuo kitakaa kikao kuamua kama kampuni ifungwe.

Mliacha daftari nyumbani. Nimelisoma, unisamehe na hilo. Ukurasa wa kwanza umeandika hatua za kazi kwa kalamu nyekundu, na ya mwisho kabla ya kutuma ujumbe inasema: "Dada aonje. Asipokubali, tusitume." Kumbe ulipokuja kuniuliza hukuwa unanipa heshima ya mdomoni. Ulikuwa umenipangia kazi yangu, na niliyeiharibu ni mimi.

Kwa hiyo mwalimu wa Saada, kama unasoma, usiifunge kampuni ya watoto hawa. Walichokosa ni kitu kimoja, na mwenye nacho alikaa kwenye mzizi akawatazama. Kipimo chao kifungwe kwenye fimbo ndefu kifike chini, na wapime kwa kuhesabu siku za bamvua. Na wewe Bi Tatu, najua umesimama mbele ya ubao huu umesomewa na mwanao. Miche tuliyopanda kwako juzi, uliponishukuru mpaka nikashindwa kukutazama, ndiyo ile niliyokuwa nimeificha. Usinishukuru tena.

Mto umeshajaa, Saada. Jana nilionja tena ya chini, bado ni matamu. Shamba la mama nimelibakiza robo, sijapanda, nakungoja. Sikudanganyi kwamba kijicho kimekwisha. Hata sasa nikifikiria utakavyorudi kule ukawaeleza wenzako, nao wakakupigia makofi kwa kitu nilichokuwa nacho peke yangu, roho inaniuma. Naomba uje roho ingali inaniuma, kwa sababu nikisubiri ipone sitakuita kamwe.

Chupa ya mama ninayo. Kalamu yenu ije nayo, lakini siku hiyo itangoja ukingoni. Vua viatu, kunja mkono wa gauni mpaka begani. Safari hii utaonja wewe kwanza, na mimi nitakuuliza, "Saada, tupande?"

Ni mimi, niliyekufunga kamba za viatu,
dada yako.