Sauti ya Chombo

Burbank, Jumatatu

Dada Colleen,

Mlimau wa mama umezaa hadi matawi yanainama, na goti langu limepona.

Juzi, kwenye tamasha la mashabiki wa tamthilia yetu ya angani, ile ninayoigiza kapteni wa chombo, jamaa mmoja alipanga foleni saa mbili nzima ili aniambie, "Kapteni gani wewe? Mwanamke mkavu kama ubao! Ile kompyuta ya chombo ndiyo yenye roho. Ikiongea tu, mimi nalia."

Nikamsainia picha yake. Mkataba unanikataza kusema kwamba sauti ya kompyuta nayo ni yangu.

Leo wakubwa wameniambia mashabiki wameshinda: kapteni anakufa. Kompyuta inabaki, ila sauti yake itatolewa na mashine iliyofunzwa kwa rekodi za sauti yangu.

Msimu ujao ukiisikia inalia, usinipigie simu kunibembeleza. Si mimi.

Mdogo wako,
Darlene