Chizuru Alivyompatia Cissy Ruhusa

Matiya wa Chapati,
New Site, Juba.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa mpwa wangu Milly,

Salamu nyingi kutoka hapa Juba kwenye jua mpaka huko kwako Japani. Uko mzima? Mgongo umeacha kukusumbua? Na bado wanakulisha ile samaki yenye haijapikwa? Pole sana. Mimi mjomba wako iko mzima, meno yote iko, na kutoka hapa mpaka Gurei hakuna mtu ananishinda kwa chapati. Usibishe. Mwenye kuandika ni mjukuu wangu Cissy, maana unajua mimi na shule hatukusalimiana. Lakini maneno ni yangu.

Milly, asante kwa ile video ya Chizuru, yule mshambuliaji wa mpira wa wanawake. Ulisema watu milioni mbili wanamfuata kwa mtandao. Sasa ongeza. Mteja akikaa kungoja chapati namwonyesha, na haondoki mpaka amebonyeza kumfuata. Madereva wa raksha, hizi bajaji za hapa, wote ni watu wake. Kama huko wanashangaa huyo msichana anatoa wapi umaarufu, waambie waje kwangu.

Lakini kubwa ni hii. Timu ya mpira ya wasichana wa mtaa wa Nyakuron ilimchagua Cissy, kocha akataka ruhusa ya baba. Kato mtoto wangu akakataa kabisa. Unamjua, kichwa kama jiwe la mafiga. Eti msichana wa Kiganda akipata jina kwa mpira, hatapiga magoti tena kusalimia wakubwa. Cissy akalia mpaka akaacha kula, hata chapati yangu! Hapo nikajua huu ni ugonjwa.

Juzi Kato alikuja kula, nikamwekea simu mbele ya sahani. Chizuru anafunga goli, uwanja mzima kelele, anakimbia pembeni kwa mzee mmoja wa mvi, anashuka goti chini mbele yake.

"Baba, huyo mzee ni nani?"

"Kocha wake."

"Watu milioni mbili wanamfuata, na bado anampigia mtu mzima magoti?"

Milly, macho yangu ni ya mwewe. Niliona vizuri kabisa, Chizuru alikuwa anafunga kamba ya kiatu chake. Lakini Kato hakuniuliza mambo ya kamba. Jirani yangu Natalina, yule wa chai, akafungua mdomo aseme. Nikamjaza chapati ya moto. Ya bure!

Kato akarudia video, akarudia tena. Halafu akampigia kocha simu mwenyewe, pale pale. Mimi nikageuka upande, nikafuta macho, nikasingizia moshi wa sigiri yangu ya makaa.

Wewe ulituma video ya kunichekesha mzee, kumbe ulituma chakula cha mtoto. Sasa anakula, anacheka, saa hii anacheka mpaka anaharibu karatasi yangu. Nakushukuru sana, Milly. Sina utani hapo.

Natalina anakusalimia. Kato pia, ingawa hajui kwa nini tunakusifu hivi. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu umenenepa.

Ningesema mengi, lakini Kato iko nje juu ya boda, anapiga honi: "Wewe Cissy! Unataka kocha akungoje mpaka saa ngapi? Toka!"

Haya, kalamu yangu imekimbilia mazoezi.

Mimi mjomba wako, sijachoka kukupenda,
Matiya