Dada Aliyenimalizia Maneno

Bombay, 16 Oktoba 1956

Dada Nihar,

Juzi sikukuu imekwisha, tumeizamisha baharini sanamu ya mungu wetu wa kike Durga, na kabla sijamwandikia mtu mwingine salamu za sikukuu nakuandikia wewe. Nagusa miguu yako na ya Shemeji, na ya mama mkwe wako pia, ingawa najua ataipokea heshima yangu huku amenuna. Hamjambo wote? Goti la Shemeji linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima.

Unajua nilikuja huku kwa sababu riwaya zangu tatu zina wasomaji ambao ningeweza kuwalisha wote kwa sufuria moja ya wali. Nilidhani kuandika sinema ni kuandika. Kumbe huku hakuna anayesoma. Mwandishi anakaa juu ya godoro jeupe mbele ya mtayarishaji, mwongozaji na ndugu zao, anaisimulia picha nzima kwa mdomo, saa mbili au tatu, analia penye kilio na kuimba penye wimbo. Wakipenda, umepata kazi. Karatasi hata hawaigusi.

Na wewe unaujua ulimi wangu.

Wiki mbili zilizopita nilisimulia mbele ya Bwana Sabharwal, mtayarishaji. Kila kigugumizi kiliponikamata, mtu mmoja pale alinihurumia akanimalizia sentensi. Nilitaka kusema mjane anafungua barua. Mmoja akasema anafungua mlango, mwingine akasema nje kuna jambazi, na Bwana Sabharwal akampenda jambazi. Kufikia chai ya pili mjane wangu alikuwa na pacha na farasi. Niliondoka nimelowa jasho, watu wakinipongeza kwa hadithi nisiyoijua. Keshoye wakaikataa.

Nimebembeleza nikapewa nafasi moja ya mwisho, mwezi ujao. Dada, tangu utotoni ni wewe uliyenisemea, dukani, shuleni, hata kwa Baba. Njoo unisemee mara hii tena. Nikishindwa narudi kwetu Krishnanagar kwenye ghala la magunia la Mjomba, na kalamu naiweka chini.

Mdogo wako,
Montu

*

Jamalpur, 27 Oktoba 1956

Mdogo wangu Montu,

Baraka zangu zikufikie, uishi miaka mingi na ule ushibe. Sisi hatujambo. Goti la Shemeji yako linauma akitumwa sokoni tu. Akiitwa kwenye karata linapona.

Nilimsomea mama mkwe barua yako. Akasema, "Miaka kumi na minne namwomba huyu afunge mdomo, leo watu wa Bombay wanamwita akaufungue." Nikajua safari ndio basi. Jioni nikamkuta jikoni ananikaangia vitafunio vya safari.

Shemeji yako ameomba ile pasi ya treni wanayopewa wafanyakazi wa karakana ya reli mara moja kwa mwaka. Tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya kwenda kuhiji Banaras. Banaras ipo siku zote, haihami.

Nitumie hadithi nzima, usifiche hata ukurasa. Nitaisoma nikipika. Kihindi wanachotaka huko si lugha yetu ya nyumbani, na changu ni cha sokoni Jamalpur, lakini nadhani mjane naye hununua mboga.

Dada yako,
Nihar

*

Bombay, 9 Desemba 1956

Dada Nihar,

Nagusa miguu yako. Natumaini treni haikukuchosha na umewakuta wote salama. Tangu uondoke chumba changu kimepooza, hata mwenye nyumba anakuulizia.

Nimetia sahihi, Dada. Kazi nimeipata. Nakushukuru na sijui nianzie wapi. Kila nikifumba macho nakuona pale kwenye godoro, umevuta sari kichwani, umeomba tambuu kana kwamba uko kwako, ukaanza kama mtu anayemsengenya jirani: "Huyu mjane mnamjua, yupo kila mtaa." Saa tatu nzima hakuna aliyeinuka hata kwenda msalani. Bwana Sabharwal alifuta macho akasingizia moshi wa sigara yake mwenyewe.

Mwongozaji, Bwana Deodhar, ameniuliza kama kile kitendo cha mjane kupangusa sufuria ambayo keshaipangusa kimo kwenye mswada. Nikamjibu hakimo, ni cha dada yangu. Mimi pale nilikuwa na kurasa nne za mawazo yake. Nimezifuta zote nikaandika sufuria, na sasa ndio nimeanza kuelewa kazi niliyokuja kufanya huku. Asante. Asante tena.

Mdogo wako,
Montu

*

Jamalpur, 2 Januari 1957

Mdogo wangu Montu,

Baraka zangu, na za wote hapa. Tu wazima. Vaa sweta asubuhi, usijidanganye kwamba Bombay hakuna baridi.

Unanishukuru mimi? Tangu nikiwa msichana naambiwa nina domo. Baba aliniambia, shangazi waliniambia, na hapa nilipoolewa nimeambiwa kwa adabu na bila adabu. Siku ile wanaume saba wenye saa za dhahabu walikaa kimya wakinisikiliza mimi, mke wa fundi wa reli. Kwenye treni nililia kwa furaha toka Itarsi hadi Jabalpur, mpaka mama mmoja akanihurumia akanipa chungwa. Asante ni mimi ninayekupa wewe.

Dada yako,
Nihar

*

Bombay, 4 Agosti 1957

Dada Nihar,

Nagusa miguu yako. Mvua huku haikatiki, lakini sijambo. Nyie je?

Picha yetu imetoka na watu wanajaa. Bwana Sabharwal anataka nyingine upesi, na safari hii nataka kumpa riwaya yangu mwenyewe, ile ya kijana anayerudi kwa mama yake baada ya miaka kumi na miwili. Hakuna kitu nilichoandika ninachokipenda zaidi. Nilipomdokeza alisema maneno matatu tu: "Mlete yule dada." Tunasimulia Septemba. Pasi ya mwaka huu bado mnayo? Nakungoja stesheni.

Mdogo wako,
Montu

*

Jamalpur, 15 Agosti 1957

Mdogo wangu Montu,

Baraka zangu. Sote wazima. Pasi ipo, na mama mkwe keshatoa karai la kukaangia. Lakini siji.

Usiitupe barua hii, soma mpaka mwisho. Ulipokuwa na miaka mitano ulikuwa unakwama kidogo tu, kama watoto wengi. Mimi nilikuwa na tisa na sikuwa na subira. Ukifungua mdomo, nakumalizia. Watu walicheka wakanisifu kwa wepesi wangu, nami nikanogewa na sifa. Mwaka nilioolewa, Mama aliniandikia kwamba umeanza kwenda dukani peke yako. Unakawia, lakini unarudi na ulichotumwa. Barua ile niliisoma nikaona aibu, na sijamwambia mtu hadi leo.

Kule Bombay nilikutupia jicho nikakuona umekaa nyuma yangu, midomo yako inacheza na maneno yanatoka kwangu. Nilikuwa na furaha kubwa siku ile, na ndiyo maana najiogopa. Nikija mara hii nitakuja na mara ya tatu, na wewe utabaki nyuma ya sari yangu mpaka uzeeke. Simulia mwenyewe. Ukikwama, kwama. Nami nisamehe kwa niliyokufanyia utotoni.

Dada yako,
Nihar

*

Jamalpur, 20 Oktoba 1957

Mdogo wangu Montu,

Durga amezamishwa tangu tarehe tatu, na barua yako ya salamu haijafika. Tarishi sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijamwuliza. Mama mkwe anasema hata yule mpwa wake aliyetoroka na mke wa mtu huandika kila mwaka sikukuu hii.

Najua umekasirika. Baraka zangu nakupa hata bila kuombwa. Unakula?

Dada yako,
Nihar

*

Bombay, 11 Februari 1958

Dada Nihar,

Nagusa miguu yako, na safari hii siinuki mpaka unisamehe. Nilikasirika kweli. Nilimwambia Bwana Sabharwal unaumwa, akasema atangoja upone, na mimi nikakaa miezi nikikuchukia na kunyamaza hata sikukuu. Mwezi uliopita akachoka kungoja. Akasema niende mwenyewe au hadithi ampe mwandishi mwingine. Nikapiga moyo konde nikaenda.

Kabla ya yote niliwaambia, "Mabwana, mimi nina kigugumizi. Naomba mtu asinisaidie." Kuyasema hayo tu chai ilipoa. Nilisimulia kwa saa tano. Wawili waliaga katikati ya hadithi, waliobaki walikula chakula cha mchana pale pale, na mimi nikaendelea.

Nikafika pale kijana anapogonga, mama yake anafungua mlango, naye anamwita, "Mama." Nikakwama. Dada, sijawahi kukwama vile. Feni ilikuwa inazunguka na naisikia. Ndugu yake Bwana Sabharwal akafungua mdomo anisaidie, Bwana Deodhar akamshika mkono. Nilikuwa najua hadithi yangu inakufa pale, nami sikuwa na mtu mbele yangu wa kujificha nyuma yake. Kisha neno likatoka.

Bwana Sabharwal alikuwa amefunika uso kwa leso. Baadaye akasema pale mlangoni pasiguswe, mwigizaji alitamke neno kama nilivyolitamka mimi. Alidhani ni ufundi wangu. Sikumsahihisha, bado nataka kazi.

Niliwahi kukushukuru kwa kuja. Leo nakushukuru kwa kukataa, na shukrani hii ni kubwa kuliko ile.

Mdogo wako,
Montu

*

Jamalpur, 3 Mei 1959

Mdogo wangu Montu,

Baraka zangu, mwanangu, maana mimi nimekulea pia. Sote wazima, ila macho yangu yamevimba, na sababu unaijua.

Jana tulikwenda Monghyr kuiona picha yako, mimi, Shemeji yako na mama mkwe, ambaye hakuwahi kuingia ukumbi wa sinema maisha yake yote na alikaa akilaumu viti. Nilikuwa nimejiandaa. Ulikwishaniandikia, nilijua kitakachokuja.

Mama akafungua mlango. Kijana akafungua mdomo, neno halikuja. Montu, neno lile lilikuwa tayari limejaa mdomoni mwangu. Miaka thelathini mdomo wangu umezoea. Mwanamume mmoja nyuma yetu akaanza kumtamkia, mama mkwe akamgeukia: "Mwache mtoto aseme." Nikauma ncha ya sari yangu kwa meno, nikangoja. Na ukumbi mzima wa Monghyr, mafundi, wauza mboga, watoto waliokwea ukuta kuchungulia, wote wakangoja pamoja nami.

Nawe ukalisema.

Dada yako,
Nihar